Pua ya sokoni haidanganywi na lebo

UKITAKA kumjua mtu anayejidai hapa mjini, usimtazame viatu. Mpe orodha ya vinywaji. Bia ataagiza bila kufikiri, soda hata mtoto mdogo anaijua, lakini akifika kwenye mvinyo utaona jasho linamtoka. Atakohoa kidogo, atapitisha kidole toka juu mpaka chini, kisha atachagua chupa yenye jina asiloweza kulitamka na bei inayouma mfuko. Ikiletwa mezani, atainywa kama tulivyokuwa tukimeza klorokwini enzi zile, huku akilazimisha tabasamu. Eti "hii ndiyo yenyewe".

Siwacheki watu wa namna hiyo. Mvinyo uliingia kwetu kwa mlango wa kanisani, ukaja kwa mlango wa hoteli kubwa, ukamalizia na sinema. Kote huko mtu wa uswahilini alikuwa mtazamaji tu. Hakuna aliyemkalisha kitako akamwambia ndani ya ile chupa kuna nini. Ndiyo maana mpaka leo wengi wetu hatununui mvinyo, tunanunua woga.

Leo nataka tuuondoe woga huo. Hoja yangu naitoa mapema, usije ukasema nimekuzungusha kama daladala lisilo na ruti: mtu aliyekulia jirani na soko la matunda, kama sisi wa Buguruni, shule ya mvinyo anayo tayari mdomoni na puani. Anachokosa ni majina tu. Na nyie ambao dini haiwaruhusu, msilikunje gazeti kwanza. Humu kuna habari za wakulima wetu, na za michango ya sherehe, ambayo hata nyie mnachangishwa.

KAMATI YATAKA KUVUNJIKA

Ukoo wetu ulikuwa na sendofu ya binti, pale Buguruni Malapa. Mimi nikatupwa kwenye kamati ya vinywaji. Kikao cha pili tu, vita ikazuka. Mjomba wa binti akasimama akasema wakwe watarajiwa ni watu wazito, haiwezekani meza kuu ikawekwa chupa za Dodoma, lazima mvinyo wa Ulaya. Mama wa binti akamjibu kwamba hela yenyewe ni ya kuungaunga, na kama itaishia kwenye chupa za Ulaya, wageni watakula nini? "Mnataka watu wanywe lebo wakati pilau limekwisha?" Mjomba akatishia kuondoa mchango wake. Na mchango wake, bwana wee, ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote.

Mweka hazina, mzee mmoja mpole, alikuwa kimya na daftari lake. Nikaona tunaelekea kubaya, nikapendekeza tuache kubishana kwa midomo, tuitumie midomo hiyo hiyo kuonja.

Nikazunguka Kariakoo na kwenye grosari moja ya mtaani, nikarudi na chupa nne. Ya kwanza nyeupe ya Dodoma, ya pili nyeupe ya Afrika Kusini, ya tatu nyekundu ya Dodoma, ya nne nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa. Nikazifunga zote kwa magazeti ya zamani (ndiyo faida nyingine ya kazi hii), nikaziandika namba, wakabaki hawajui ipi ni ipi.

Kabla hatujaanza, akaingia shangazi kutoka sokoni na tenga la mananasi. Shangazi yetu amezeekea kwenye biashara ya matunda soko la Buguruni. Tena ameokoka, pombe hagusi. Nikamwomba anuse tu. Akacheka, akasema, "Mimi nimeokoka, lakini pua bado haijabatizwa. Lete."

Akanusa namba moja. "Pera. Lile pera la njano lililoiva, ukiliweka ndani siku mbili nyumba nzima inanukia. Na embe kwa mbali." Namba mbili: "Hii ni ndugu yake ile, ila imekamuliwa ndimu." Namba tatu: "Zambarau, mtanidanganya nini!" Namba nne akakunja uso: "Hapa mmepita kwa mafundi seremala wa Keko. Mbao mbichi. Na zambarau iko nyuma, imejificha."

Msomaji, nusura niangushe glasi. Chupa ya kwanza na ya pili zote zilitoka kwenye zabibu aina moja inayoitwa Chenin Blanc, moja ya Dodoma na nyingine ya Rasi ya Afrika Kusini. Ndugu kweli! Na ile ya nne ilikuwa imelazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, ndiyo hizo mbao za Keko. Mwanamke ambaye hajawahi kumeza funda moja la mvinyo alisoma chupa nne kwa pua tupu.

Na mjomba je? Namba tatu akaimaliza akaomba tena. Namba nne, ile ya Ulaya aliyoipigania mpaka kamati ikataka kuvunjika, akaonja akaweka glasi chini: "Huu umeharibika, rudisheni dukani." Nilipofungua magazeti, watu walicheka mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Lakini tusimcheke sana, maana mvinyo wa Bordeaux haukuwa umeharibika hata kidogo. Ilipokuja sahani ya mishkaki yenye mafuta, mweka hazina akajimiminia ile namba nne, akatafuna, akanywa, akatafuna, akanywa, mpaka chupa ikakauka bila kumwambia mtu. Kumbe kinywaji kilikuwa kinamsubiri mwenzake. Mwisho tukakubaliana: Dodoma kwa ukumbi mzima, chupa chache nyeupe za Afrika Kusini kwa meza kuu, na pilau halikuguswa bajeti yake. Mjomba akatoa mchango wake wote.

MANENO MANNE YA KUJUA

Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha wenzangu maneno manne tu. Ukiyajua hayo unaweza kuzungumza na muuzaji yeyote.

La kwanza ni UTAMU. Hamira inapoila sukari ya zabibu, sukari inageuka kilevi. Ikiila yote, tunasema mvinyo ni mkavu. Hapo kwenye lebo ya Kiingereza utaona Dry, ya Kifaransa Sec, ya Kihispania Seco. Mkavu maana yake si kwamba hauna maji, ni kwamba hauna sukari. Sukari ikibakizwa, mvinyo unakuwa mtamu, Sweet, au wa katikati, Semi-Sweet. Wengi wetu tumeanzia kwenye mtamu, na hakuna aibu yoyote.

La pili ni UCHACHU. Ni ile hali ya mate kujaa pembeni ya ulimi, kama ukinywa juisi ya ukwaju. Mvinyo usio na uchachu unapooza kama juisi iliyolala.

La tatu ni UKAKASI. Umekula bibo? Basi unaujua. Ni ule mkunjo wa mdomo, ulimi unakuwa kama umepigwa msasa. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na chai ya rangi iliyokolea nayo inao. Mvinyo mwekundu una ukakasi kuliko mweupe kwa sababu mwekundu unachachushwa pamoja na maganda yake, wakati mweupe unakamuliwa kwanza, maganda yanatupwa. Na rangi yenyewe iko kwenye maganda. Zabibu nyingi nyekundu ukizikamua juisi yake si nyekundu.

La nne ni UKALI, yaani kilevi kinavyochoma kooni. Mvinyo wa kawaida una kati ya asilimia 11 na 14 hivi. Piga hesabu: chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ina kilevi karibu sawa na bia nne za nusu lita zenye asilimia 5. Kwa hiyo ndugu yangu unayeimiminia kwenye glasi ya soda mpaka juu, halafu unasema "hii ni juisi tu", usije ukawalaumu wachawi ukishindwa kuiona njia ya Mnyamani.

ZABIBU MOJA, NCHI TATU

Sasa tuje kwenye sehemu zenyewe. Njia rahisi ya kujifunza ni kushika zabibu moja na kuifuata inakokwenda. Chukua hiyo hiyo Chenin Blanc. Kwao ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Huko kuna baridi, zabibu inaiva polepole, uchachu unabaki mkali, na hutoka mvinyo mkavu mpaka mtamu kabisa. Afrika Kusini imeipanda kuliko nchi yoyote duniani. Wenyeji walizoea kuiita Steen. Kule jua ni kali kuliko Loire, ndipo unapokutana na embe na pera. Na Dodoma nayo ipo. Zabibu ni ile ile, udongo na jua ndivyo vinavyobadilisha maneno.

Ukitaka nyekundu, shika Syrah. Kwao ni bonde la mto Rhône, Ufaransa. Ilipofika Australia ikaitwa Shiraz, na Dodoma pia inalimwa. Ukiinusa, tafuta zambarau na pilipili manga.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba penye baridi uchachu hubaki, penye joto sukari huongezeka, na sukari ikiongezeka kilevi nacho hupanda.

Afrika Kusini si wageni wa kazi hii. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa Februari 1659. Mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alichanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, akapata Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini yenyewe, ambayo mara nyingi ina harufu ya moshi na ndizi mbivu. Enzi za ubaguzi wa rangi sisi hatukuwa tukifanya biashara na makaburu. Baada ya uchaguzi wa 1994 ndipo bidhaa za kule zilipomiminika, na mpaka leo ndizo zimejaa kwenye rafu za Dar. Hata majirani wanajitahidi. Wakenya wana mizabibu Naivasha, na Ethiopia kampuni ya Kifaransa ya Castel ilianza kuuza mvinyo wa huko mwaka 2014.

Hapa kuna siri moja ya lebo. Chupa nyingi za Afrika Kusini, Australia, Chile na Marekani zinaandika jina la zabibu. Chupa nyingi za Ufaransa zinaandika jina la mahali, zikidhani unajua kunalimwa nini. Bordeaux, kwa mfano, ni mji na wilaya zake. Nyekundu ya huko kwa kawaida ni mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon na Merlot. Na usiogope kutamka. Ile T ya Merlot ni ya mapambo, tamka "merlo". Bordeaux ni "bodo". Umeona? Tayari wewe ni mtaalamu.

Na shampeni je, ile tunayoifyatua kwenye kila sendofu huku MC anapiga kelele? Kisheria Champagne ni mvinyo wa mapovu uliotoka wilaya ya Champagne, Ufaransa, na mapovu yake hutengenezwa ndani ya chupa hiyo hiyo unayoifungua. Nyingi ya zinazofyatuliwa kumbini kwetu si Champagne, nyingine ni juisi yenye gesi. Hakuna ubaya, ila usilipie bei ya Champagne kwa kitu kisicho Champagne. Muulize muuzaji.

HABARI YA DODOMA

Zabibu za Dodoma zilianzia kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wagogo wakazipokea, zikaenea Hombolo, Mpunguzi na kwingineko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ni kukavu, na mvua yake ni ya msimu mmoja. Kwa kuwa hakuna majira ya theluji ya kuulaza mzabibu, mkulima akipogoa matawi vizuri anavuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Mkulima wa Ulaya anavuna mara moja tu. Kipo pia kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, na iko zabibu nyekundu inayobeba jina la mahali hapo.

Lakini njia haikuwa lami. DOWICO, kampuni ya umma iliyokuwa ikitengeneza mvinyo Dodoma, haikuvuka salama mageuzi ya uchumi, na wakulima wengi wakaiacha mizabibu. Miaka ya 2000 ikaja CETAWICO pale Hombolo pamoja na mafundi wa Kiitalia. Wakaja pia Alko Vintages, hao wenye Dompo, jina ambalo vijiweni linajulikana kuliko la mbunge. Hata hivyo kilio cha mkulima hakijaisha. Zabibu si mahindi, huwezi kuitia guniani ukasubiri bei. Ikishaiva ina siku chache. Mnunuzi asipokuja, inaozea kwenye mti. Wengine huikamua wenyewe na kuuza kama mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda.

Serikali imejaribu kumbeba mkulima huyo kwa kodi. Bajeti ya 2017/18 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Ule wenye zaidi ya asilimia 25 ya zabibu za nje ukapangiwa shilingi 2,349. Kwa chupa moja ya mililita 750 ilikuwa shilingi 150 dhidi ya zaidi ya 1,700, na hapo hujalipa nauli ya meli. Maana yake nini? Ukiona chupa ya nje ni ghali, sehemu ya bei hiyo si ladha. Ni kodi na safari.

Sikwambii unywe Dodoma kwa uzalendo. Uzalendo hauondoi ladha mbaya. Nakwambia uionje kwa haki, kama unavyoonja ya mgeni. Ikiwa mbovu, sema mbovu, mwenye kiwanda asikie. Ikiwa nzuri, nunua tena.

UKIENDA DUKANI

Kwanza, tazama chupa imekaa wapi. Iliyopigwa jua dirishani imeshaiva ndani, iache. Ikiwa kizibo cha gome kimejitokeza juu, ilipata joto, iache pia. Kizibo cha kuzungusha si dalili ya mvinyo duni. Australia na New Zealand wanakitumia hata kwenye chupa nzuri.

Pili, soma nyuma. Mvinyo wa ndizi wa Arusha na mvinyo wa choya ni vinywaji halali, lakini si zabibu. Vingine ni spiriti iliyotiwa rangi na sukari. Kama lebo haitaji zabibu, usiilipie bei ya zabibu. Tafuta alama ya TBS kwa zilizotengenezwa nchini, na stempu ya kielektroniki ya TRA, ambayo ilianza kutumika 2019.

Tatu, joto la Dar. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, lakini chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, siyo chumba chako cha Buguruni chenye nyuzi 30 na feni iliyokatika. Tia nyekundu kwenye friji nusu saa. Nyeupe ikae saa mbili au zaidi. Ukishafungua, rudishia kizibo, weka kwenye friji, imalize ndani ya siku tatu.

Nne, chakula. Mishkaki na nyama choma vinaupenda mwekundu wenye ukakasi, maana mafuta yanaulainisha. Samaki wa Feri aliyekaangwa na kukamuliwa ndimu anataka mweupe mkavu wenye uchachu. Pilipili nyingi? Tafuta mweupe wenye utamu kidogo. Mwekundu mkali utauongeza moto. Na pilau, kwa karafuu na pilipili manga zake, jaribu na Syrah uje unishukuru.

Mwisho, mazoezi. Pita sokoni msimu wa matunda, nusa. Chukua pera, chukua zambarau, chukua pasheni, chana ukwaju, tafuna kipande cha bibo. Bei yake ni ndogo kuliko glasi moja ya hotelini, na hakuna mhudumu wa kukukodolea macho.

Siku nyingine ukifika kwenye grosari ya mtaani kwako, usiulize "ipi ya bei kubwa?" Uliza: zabibu gani, za wapi, tamu au kavu? Muuzaji asipojua, atamuuliza anayemletea. Anayemletea akiulizwa na maduka kumi, atakwenda kuuliza kiwandani. Na kiwanda kikiulizwa, kitatakiwa kujua kilinunua zabibu ya nani, shamba lipi, kwa bei gani. Swali dogo la Buguruni linaweza kusafiri hadi Hombolo. Nyie mnywao, mnywe kwa kiasi, na funguo za gari mpeni anayekunywa soda.